Kodi ya Ndoo Tupu

Serikali iliwahi kuniamini kuliko ndugu zangu wote. Ndugu zangu wakinitazama waliona msichana wa kidato cha nne ambaye matokeo yake mwalimu wa darasa aliyasoma harakaharaka, kwa huruma, kama mtu anayepita karibu na msiba usiomhusu. Serikali ilinitazama ikaona tajiri. Ikaniandikia na karatasi, yenye majina yangu yote matatu bila kukosea herufi, ikisema kwa mwaka mzima nitauza asali ya mamilioni mengi, na kwamba kodi yangu imegawanywa katika awamu nne ili isiniumize. Kwa kweli nilipoiona awamu ya kwanza sikuumia. Nilikaa chini tu.

Niseme kwanza duka lilivyokuwa, maana lawama nyingi ni za duka. Lilikuwa fremu moja Kibondo mjini, kwenye barabara ya kwenda stendi, kati ya fundi wa simu na mzee mmoja wa duka la jumla. Asali niliipata kwa mjomba na wenzake wanaorina huko kwenye msitu wa Kagerankanda, ikija kwenye ndoo za lita ishirini juu ya pikipiki, nami nikiichuja na kuijaza kwenye chupa. Mtaji ulitoka kwa mama. Mama alikuwa na ng'ombe mmoja pale kwetu Kumsenga, akamuuza. Watu husema "aliuza ng'ombe" kana kwamba zizini wamebaki wengine wanaocheua. Kwa mama lilibaki zizi.

Sasa mimi nina tabia moja. Kitu nikikifikiria sana, naanza kukizungumzia kama kimeshakuja. Kibao cha duka nilimpa kijana mchoraji, nikamwambia mwishoni aandike "na Matawi Yake". Akaniuliza matawi yako wapi. Nikamwambia wewe andika, rangi si unayo? Halafu duka lenye ndoo mbili linaonekana kama limeibiwa, kwa hiyo nilikusanya ndoo tupu za watu, za mafuta ya kula, za rangi, nikaziosha, nikazifunika vizuri na kuzipanga ukutani mpaka karibu na dari. Ndoo ishirini na mbili. Mbili zilikuwa na asali. Nyingine zilikuwa na matarajio.

Ndipo akaja yule kaka wa kodi.

Alikuwa kijana mpole, kaletwa kikazi kutoka mkoa wa mbali, na asubuhi hiyo alikuwa amevaa sweta mbili kwa sababu hakuna aliyemwambia kwamba Kibondo ina baridi. Walikuwa wakipita duka kwa duka, wanasajili watu na kuwakadiria. Mtaa mzima ulijua tangu alfajiri. Mzee wa duka la jumla, ambaye ana lori na nyumba ya vigae, alikuwa ameshavaa shati lake la kodi. Sitanii. Analo shati maalumu, linaning'inia kwenye msumari nyuma ya mlango mwaka mzima, kola imekatika, mgongoni lina tundu la ukubwa wa sahani. Watu wa kodi wakionekana tu, analivaa, anavua viatu, anakaa kwenye gunia tupu na kutazama chini. Ukipita unaweza kumpa mia mbili.

Mimi hakuna aliyenifundisha. Nilimwona kijana wa watu anatetemeka, nikamvutia benchi, nikamwekea chai na mkate niliopaka asali. Na kwetu mgeni haambiwi shida. Hata kama ndani kuna kisamvu cha jana, mgeni ukimuuliza anasema ameshiba, na wewe akikuuliza unasema hamjambo, mvua nzuri, mahindi yamekubali. Ndivyo nilivyolelewa. Kumwambia mtu aliyetoka mbali, tena siku ya kwanza, kwamba biashara haitembei, ni kama kumwonyesha mlango.

"Biashara inaendaje, dada?" akaniuliza huku anatafuna.

"Inaenda vizuri sana, kaka."

"Naona mzigo upo." Akatazama ndoo zangu ukutani. Nikatazama naye, na kwa kweli zilipendeza.

"Mzigo upo."

"Kwa siku unatoa ndoo ngapi?"

Hapo ndipo ningeweza kunyamaza. Ningeweza kukohoa. Lakini alikuwa ananisikiliza kwa makini, na mtu mwenye kalamu hajawahi kunisikiliza kwa makini namna ile tangu nizaliwe.

"Inategemea na siku," nikamwambia. "Siku mbaya, ndoo moja."

"Siku mbaya?"

"Siku mbaya kabisa. Ya mvua."

Akaandika. Akaniuliza matawi, nikamwambia yako njiani, la Kasulu na la Kakonko. Akaandika. Akaniuliza kama naweka kumbukumbu za mauzo, na hapo nikaona aibu, kwa sababu kumbukumbu zangu zilikuwa daftari la shule lenye picha ya twiga, limejaa mambo yangu. Nikamwambia daftari liko nyumbani. Akasema si neno, atakadiria kwa aliyoyaona na aliyoyasikia. Alipoondoka nilimfungia chupa ya asali ya kifua. Akakataa, akasema haruhusiwi kupokea zawadi. Nikamwonea huruma. Nikasema moyoni, kazi gani hii ya kunyimwa hata asali.

Wiki mbili baadaye karatasi ikaja. Pamoja na kodi, ilinitaka nitafute mashine ya risiti, kwa kuwa kwa ukubwa wa biashara yangu haifai kuendelea kuandika kwa mkono.

Nilimpelekea mzee wa duka la jumla anisomee, maana nilidhani kuna sifuri zimezidi. Alivaa miwani akaisoma hadi mwisho, kisha akaniangalia kama mtu anayeangalia bajaji iliyoingia mtaroni kwenye barabara iliyonyooka.

"Ulimwambia nini yule?"

"Nilimwambia siku mbaya nauza ndoo moja."

"Na siku nzuri?"

"Siku nzuri hakuniuliza."

Akavua miwani. "Mwanangu, mimi nina lori, na kodi umenikaribia. Ukiendelea hivi mwakani utajenga hospitali peke yako."

Awamu ya kwanza pekee ilikuwa sawa na chote kilichobaki kwenye mtaji. Ningeilipa, ndoo mbili za ukutani zingekuwa za mwisho, na ng'ombe wa mama angekuwa ameliwa kuanzia pembe hadi kwato bila mtu wa nyumbani kuonja hata supu. Nisingeilipa, kungekuwa na adhabu na riba, na leseni nisingeipata. Mzee akanionyesha kwa kidole mstari wa chini: kama hukubaliani na makadirio, una siku thelathini za kuweka pingamizi. Zilikuwa zimeshapita tisa.

Ushauri haukukosekana. Mzee mwenyewe alinipa shati. Alilitoa msumarini, akalikunja kwa heshima, akasema niende nalo, nisichane nywele, na nikiulizwa swali lolote nianze kwa kusema "tangu nifiwe". Jamaa wa fotokopi, ambaye amejipa cheo cha mshauri wa kodi kwa sababu anatoa nakala za fomu zao, alinichaji elfu mbili na kunieleza kitu alichokiita mipango ya kodi.

"Unaigawa biashara vipande," akasema. "Kipande chako, kipande cha mdogo wako, kipande cha bibi. Kila mmoja na namba yake ya mlipakodi. Kila kipande kinakuwa kidogo, kodi inakuwa haikioni."

"Bibi amefariki."

"Huyo ndiyo mzuri. Hatahojiwa."

Nilimuuliza kama kuna mpango usiomhusisha marehemu. Akasema upo, lakini huo ni elfu tano.

Haya yote ningeyamudu. Tatizo langu kubwa lilikuwa mama.

Mama alikuja mjini siku ya soko, akaiona karatasi mezani kabla sijaificha. Kusoma anasoma taratibu, kwa kidole. Alipofika kwenye jumla ya mauzo ya mwaka, kidole kikasimama.

"Hizi zote ni zako?"

Sasa mama naye nilikuwa nimemlisha maneno. Si uongo wa makusudi. Kila alipopiga simu kuuliza duka, nilimwambia linakwenda, juzi wamekuja watu wa hoteli, kuna mtu wa Kahama ananitafuta. Mtu wa Kahama alikuwepo kweli, ila alinitafuta kuniuliza njia ya kwenda benki. Mama aliuza ng'ombe wake pekee. Ungetaka nimwambie nini, kwamba jana nimeuza vijiko?

"Zangu, mawe," nikamjibu. Ndivyo tunavyowaita mama zetu kwa Kiha.

Aliikunja karatasi mara nne, akaitia kwenye pochi, akaondoka nayo Kumsenga. Jumapili hiyo shangazi akanipigia: mama yako kasimama baada ya ibada na kuwaeleza akina mama kwamba binti yake anadaiwa na serikali mamilioni. Wenzake wana watoto wanaodaiwa na mangi wa dukani. Yeye wa kwake anadaiwa na taifa. Karatasi ilizungushwa, kila mtu akaishika kwa ncha za vidole.

Ndipo nikajua nimepatikana. Kuipunguza kodi kulikuwa ni kumvua mama nguo mbele ya kwaya.

Siku zilipobaki nne nilimwambia naenda Kasulu, jalada langu limepelekwa kwenye ofisi ya huko, kuna mambo kidogo ya kurekebisha. Nilitumia neno "kurekebisha" kwa sababu halionyeshi upande. Mama akasema tunakwenda wote. Nikamwambia ni mbali, atachoka. Akasema lami sasa hivi ipo, atachoshwa na nini, na anataka kuiona hiyo ofisi inayomjua mwanawe. Asubuhi akaja na kitenge cha Pasaka.

Shati la mzee nilikuwa nalo kwenye mfuko. Daftari la twiga pia. Njia nzima nilikuwa nayapima yote mawili. Nikivaa shati, nitakuwa nimedanganya kwenda juu na sasa nadanganya kwenda chini, na mama atauliza kwa nini mfanyabiashara wa mamilioni ana tundu mgongoni. Nikitoa daftari, mama atasikia. Kulikuwa na njia ya tatu, ya kulipa tu na kunyamaza, na niseme ukweli, tulipokuwa tunapita ilipokuwa kambi ya wakimbizi ya Mtabila nilikuwa nimeshaichagua hiyo. Nilipiga hesabu kwamba nitalipa awamu ya kwanza, nitauza chupa zilizobaki, halafu Mungu ataingilia kati kabla ya awamu ya pili. Hii nayo ni mipango ya kodi, na wengi tunaitumia.

Ofisini tulikuta mabenchi yamejaa watu waliovaa vibaya kwa makusudi. Sijawahi kuona mkusanyiko wa mashati mabovu namna ile na simu nzuri namna ile. Mama aliwasalimu wote, akaniambia kwa sauti ya chini, "Maskini hawa. Kumbe na wao wanatozwa."

Zamu yetu ilipofika tulimkuta afisa mwanamke, mtu mzima, kalamu imechomekwa kwenye nywele. Akatukaribisha tukae. Akafungua jalada, akasoma, akaniangalia, akasoma tena.

"Ndoo moja kwa siku," akasema. "Siku mbaya."

"Ndiyo, mama."

"Umekuja kulipa au una malalamiko?"

Mama yangu akanyoosha mgongo. Nilifungua mdomo niseme nimekuja kulipa. Nikamwona mama ameweka mikono yake juu ya meza ya serikali, vizuri, kama mtu anayepigwa picha. Kucha zina udongo wa mihogo. Mikono hiyo ndiyo ilimfungua yule ng'ombe kamba na kumkabidhi mnunuzi. Na mimi nilikuwa nataka kutoa kilichobaki cha ng'ombe nikilipe, ili mikono hiyo iendelee kukaa vizuri mezani kwa miezi mitatu tu.

"Nilikosea," nikasema. "Yule kaka hakukosea. Mimi ndiye nilimwambia yasiyokuwepo."

"Yasiyokuwepo yapi?"

"Yote."

Yule afisa akaitoa kalamu kwenye nywele. "Una kumbukumbu zozote? Maana kusema tu, kila mtu aliye nje pale anasema hauzi kitu."

Nikatoa daftari la twiga. Nilimwomba alisome kimya. Lakini alikuwa mtu wa kusoma kwa sauti, na hakuna sheria inayomkataza.

"'Mwalimu wa sekondari, nusu lita, kalipa,'" akasoma. "'Mtoto wa kikohozi, kijiko, bure. Mtoto wa kikohozi kaja tena, hakohoi, kapewa.' Sawa. 'Mama wa Kongo wa vitenge, kaonja mara tatu, kasema asali yako iko muzuri sana, nitarudia kesho. Hajarudi.' Hii ya nini umeandika?"

"Nilifikiri atarudi."

"'Leo hakuna. Leo hakuna. Leo hakuna, ila mtu kasifia kibao.'" Akafunua kurasa. Nadhani alikuwa anajizuia, maana mdomo wake ulikuwa umekaa upande. "Na huku nyuma umeandika hesabu kubwakubwa. Ndoo thelathini, ndoo hamsini. Hizi ni za lini?"

"Hizo ni za matawi," nikasema. "Hayajafunguliwa."

Mama alikuwa hajanigeukia. Alikuwa anatazama daftari tu.

"Na zile ndoo ukutani? Hapa ameandika ishirini na mbili."

"Zimejaa mbili."

"Nyingine zina nini?"

"Hazina kitu, mama. Nilizifunika."

Akaanza kujumlisha. Alijumlisha kweli, ukurasa kwa ukurasa, mwezi kwa mwezi, na kikokotoo cha mezani chenye vibonye vilivyofutika. Huku anabonyeza, alinieleza kitu ambacho jamaa wa fotokopi hakukijua hata kwa elfu tano. Alisema biashara ndogo kama zetu, mwenye kumbukumbu hutozwa kwa alichouza, na asiye na kumbukumbu hutozwa kwa anavyoonekana. Wengi huficha daftari wakidhani wanaikimbia kodi, kumbe daftari ndilo lingewapunguzia. Wewe, akaniambia, umeficha daftari ukaonyesha ndoo. Sijawahi kumwona mwingine.

Akafika mwisho. Akaandika jumla, akaizungushia duara.

"Ndoo mbili kwa mwezi, wastani. Kwa mauzo haya hujafikia hata kiwango cha kuanza kutozwa kodi ya mapato. Andika barua hapahapa, nitaambatisha nakala za daftari, makadirio yatarekebishwa. Na hiyo mashine ya risiti hutakiwi kwa sasa."

Nilipaswa kuruka. Lakini jaribu wewe kuambiwa na serikali, kwa mahesabu, mbele ya mama yako, kwamba wewe ni mdogo kiasi kwamba hata kukutoza haifai.

Mama ndiye aliyezungumza.

"Kwa hiyo halipi?"

"Halipi, mama. Kwa mwaka huu."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo."

"Mngemwekea hata kidogo tu," mama akasema, kwa sauti ile anayotumia kuombea mtu nyongeza sokoni. "Kiasi cha kuonekana. Asiwe kama hana kitu kabisa."

Yule afisa akaweka kalamu chini. Akasema amefanya kazi hiyo miaka mingi, na watu huja pale kubembeleza kushuka, wengine hulia, mmoja alizimia kabisa na ikabidi apepewe kwa jalada lake mwenyewe. Wa kupanda alikuwa hajawahi kumpata. Akamwambia mama kwamba sheria haimruhusu kutoza heshima. Binti akikua, atatozwa tu, asiwe na haraka. Na aendelee kuandika, ila ya matawi ayaandikie daftari lingine.

Niliandika barua pale kwenye kona ya meza. Mistari sita, na kila mstari ulikuwa unakanusha kitu nilichokipenda. Akaigonga muhuri, akanipa nakala.

Nje tulikaa kwenye ngazi. Nilisubiri mama aseme kuhusu ng'ombe. Nilikuwa na majibu matatu tayari, yote mazuri, yote ya siku zijazo. Akanunua karanga kwa mtu anayepita, akanigawia nusu.

"Ndoo mbili," akasema.

"Ego, mawe," nikaitika. "Mbili."

"Kwa mwezi."

"Kuna mwezi ilikuwa moja na nusu."

Akatafuna. "Na mtu wa Kahama?"

"Alikuwa anatafuta benki."

Mama alicheka mpaka akashika ukuta. Kisha akafuta macho kwa kitenge, akaniuliza pesa iliyobaki ni kiasi gani hasa, na kwa mara ya kwanza tangu nifungue duka nilimtajia kiasi chenyewe, bila kukipamba. Alikitafakari. Akasema mjomba awe analeta ndoo moja moja, nisijaze zisizouzika, na yeye ataanza kuuza vichupa vidogo kwa akina mama wa kanisani, maana wana watoto wenye vikohozi na wana aibu ya kuomba bure.

Hapo nikakumbuka kanisani.

"Jumapili utawaambiaje?" nikamuuliza.

"Nitawaambia serikali imekaa na wewe mezani, imekuheshimu, imekusamehe deni lote."

"Haijanisamehe, mawe. Imeona sina."

Alikung'uta maganda ya karanga kwenye mapaja, akasimama, akanyoosha kitenge chake cha Pasaka.

"Wewe umeshasema ukweli tangu asubuhi, unatosha," akasema. "Mimi niachie Jumapili yangu."